Jua likiwa utosini: bibi shamba wa Rungwe na picha sita za ukutani

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni bibi shamba wilayani Rungwe. Nina simu, na nina kamera ya mtumba yenye lensi ya 18–55 niliyoinunua mwaka jana. Kazi inanipeleka kwa wakulima kuanzia saa nne mpaka saa tisa mchana. Asubuhi niko kwenye vikao, jioni watoto wananisubiri. Mwenye nyumba ya wageni hapa Tukuyu ameniomba picha sita kubwa za mandhari za kutundika ukutani. Nimepiga zaidi ya mia. Anga jeupe kama shuka, chai inang'aa kama imepakwa mafuta, chini ya miti ni lami tupu, na mlima kwa nyuma umefifia kama umefutwa kwa raba. Mpiga picha mmoja wa harusi ameniambia nisijisumbue, mandhari hayapigwi mchana, na nikitaka kuendelea ninunue kamera ya maana. Ni kweli? Au kuna namna ya kuzipanga hizi picha?"

Marahaba, bibi shamba. Huyo wa harusi aliposema mandhari hayapigwi mchana alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo tutaitafuta. La kamera ya maana achana nalo. Kamera ya milioni tano ikisimama pale ulipokuwa umesimama, saa ile ile, ikielekezwa kule kule, itakuletea anga lile lile jeupe, ila lenye pikseli nyingi zaidi.

Wewe umefunga mambo manne kwenye furushi moja ukaliita jua la mchana. Chai kung'aa ni habari ya majani na nta iliyo juu yake. Mlima kufifia ni habari ya hewa. Lami chini ya miti inatokana na kamera kukosa jicho kama lako. Anga jeupe ni kidogo hewa, kidogo kidole chako. Na lipo la tano ambalo hukulitaja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: mashamba yenyewe yamelala bapa, hayana kina. Nalijua hilo bila kuziona picha zako, kwa sababu mimi mwenyewe ninazo za namna hiyo kabati zima.

Asubuhi mwanga unaingia kwa ubavu. Tuta la viazi linapata jua upande mmoja na kivuli upande wa pili, na jicho linatambua mara moja kwamba hapa pameinuka. Saa saba mwanga unashuka wima, unajaza pande zote mbili sawasawa, na tuta linabaki mstari wa rangi tu. Sasa geuza hesabu hiyo. Mwanga unaoshuka wima ukikutana na kitu kilichosimama wima, unakiparuza kwa ubavu, vile vile ule wa asubuhi unavyoliparuza tuta. Kesho saa sita na nusu nenda katazame ukuta wa tofali za kuchoma, upande ule ambao jua limeuinamia kidogo. Kila tofali iliyotokeza nusu sentimita utaikuta na kivuli kirefu chini yake, na kila tone la saruji lililoganda litaonekana kama chunusi. Ukuta ule ule saa mbili asubuhi, jua likiupiga usoni, ulikuwa bapa kama karatasi.

Kwa hiyo ukifika mahali mchana, cha kujiuliza ni kipi kimelala na kipi kimesimama. Bonde la mpunga, uwanja, shamba la tambarare, ziwa ukilitazama kutoka mbali: vyote hivyo vimelala, na mchana vinakufa. Genge, gogo la mti, mgomba, ukingo wa korongo, mteremko mkali wa ng'ambo ya mto: hivyo vimesimama, na mchana vinaamka. Bahati yako hukupangiwa kazi kwenye tambarare za Usangu. Rungwe nzima imesimama.

Jua lenyewe nalo halina mchana mmoja, jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi havikuambii. Sisi tuko nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Siku hizo fimbo ya mita moja ukiichomeka wima ardhini, mchana inakosa kivuli. Mwezi Juni fimbo hiyo hiyo ina kivuli cha sentimita 63 hivi kinachoelekea kusini, kwa sababu jua limekaa upande wa kaskazini. Desemba kivuli kinahamia kaskazini na kinafika kama sentimita 26. Halafu saa zetu zinafuata mstari ulioko mbali upande wa mashariki, kwa hiyo kwenu kilele cha jua hakiji saa sita kamili. Kinakuja kati ya saa sita na nusu na saa saba, kutegemea mwezi. Kwa maana hiyo saa nne yako ya Juni bado ni asubuhi kwa mpiga picha, jua halijafika hata nyuzi 40. Saa nne ya Oktoba ni mchana tayari. Ukiwa na picha ya kulazimisha, ya shamba lililolala, iweke Juni au Julai, kikao kikiisha tu, wingu likikuruhusu.

Niliwahi kwenda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, nikiwa nimekasirika. Gari lilikuwa limeharibika njiani, na asubuhi yote niliyoipangia ikaishia chini ya boneti. Nilishuka korongoni baada ya saa sita nikitegemea kupiga mbili tatu za kumbukumbu na kuondoka. Zile nguzo za udongo zimesimama kama watu kwenye foleni, na jua lilikuwa linateleza juu yake kutoka kichwani hadi miguuni. Kila mfereji uliochimbwa na mvua ulikuwa na mstari wake wa kivuli. Halafu nikagundua kitu kingine. Upande wa kivulini haukuwa mweusi. Mchanga wa chini na ukuta wa ng'ambo, vyote vyenye jua, vilikuwa vinarudisha mwanga wa rangi ya chungu ndani ya kivuli. Nilisogea nikatoa anga lote kwenye fremu, nikabakiza nguzo tatu na kivuli kimoja. Picha hiyo ninayo sebuleni hadi leo. Zile nilizowahi kupiga pale alfajiri ziko kwenye diski, sijui ipi.

Mahali penye shimo kubwa nako ni hivyo hivyo. Ziwa Ngosi limekaa ndani ya kasoko, kuta zake ndefu na za msitu. Ukifika ukingoni asubuhi na mapema, nusu ya maji iko gizani kwa sababu ya ukuta, na mara nyingi ukungu umefunika nusu iliyobaki. Mchana jua linafika chini na rangi ya kijani ya maji inatoka. Matema vivyo hivyo: mwanga unaoshuka wima unapenya maji ya Ziwa Nyasa, unaona mawe chini, ilhali jioni maji yanageuka kioo cha kuonyesha anga. Hapo anayengoja jioni ndiye anayekosa.

Tuje kwenye chai, maana najua ndiyo inayokuuma. Jani la chai lina nta, na jani lenye nta likipigwa na jua linarudisha sehemu ya mwanga kama kioo kabla haujaingia kwenye jani kuchukua rangi ya kijani. Ule weupe unaouona ni anga na jua vikijitazama kwenye jani. Kwa hilo dawa ipo, filta ya polaraiza. Ni kioo cha duara kinachofungwa mbele ya lensi na kuzungushwa. Ukiwa unazungusha utaona mng'ao unazimika na kijani kinarudi, kama mtu amefuta vumbi. Angalia mbele ya lensi yako, kuna alama ya duara lililokatwa na namba pembeni. Hiyo namba ndiyo saizi ya filta ya kununua. Kwa simu, chukua miwani ya jua ya polaraiza, weka kioo chake mbele ya lensi, zungusha polepole. Watu barabarani watakucheka kidogo. Wazoee.

Filta hiyo hiyo inakoleza anga la buluu, na hapa mchana unakupa upendeleo. Inafanya kazi zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Asubuhi sehemu hiyo inapita kama mkanda katikati ya anga, ndiyo maana picha pana za asubuhi zinatoka na doa la buluu nzito upande mmoja. Jua likiwa utosini, nyuzi 90 ni ukingo wa anga wote, popote utakapogeukia, na buluu inakolea kwa usawa. Usidanganywe lakini kwamba filta itaangaza vivuli au itafukuza moshi. Inakula mwanga pia, stopu moja hadi mbili (yaani inabakiza nusu hadi robo ya mwanga), ila mchana huo ambao mwanga umejaa tele hautausikia upungufu.

Filta peke yake hata hivyo haitakupangia picha. Chai ya tambarare ukiipiga kutoka barabarani, kamera usawa wa macho, unapata bendi ya kijani chini na bendi nyeupe juu. Panda. Tafuta sehemu ambayo mteremko wenye chai uko ng'ambo, unautazama kama mtu anavyotazama mkeka uliotundikwa kamba ya nguo. Sasa umesimama, si umelala tena. Njia za wachumaji zinageuka mishono inayopita kati ya vipande, na rangi zinatofautiana: kipande kilichochumwa juzi ni kijani cha giza, kinachosubiri kuchumwa kina machipukizi ya njanonjano juu. Toa anga kabisa. Jaza fremu kwa mishono hiyo, uiache iingie kutoka pembe ya chini na kutokea pembe ya juu, kisha tafuta kitu kimoja kinachovunja utaratibu, mti uliobaki peke yake, banda la mabati, au mchumaji mwenye kikapu mgongoni. Kama ni mtu, umwombe kwanza. Wewe wanakufahamu, haitakuwa shida. Asubuhi mwanga unakuchorea. Mchana unaonyesha tu kilichokwisha kuchorwa, na shamba la chai wachumaji wamelichora miaka mingi kabla yako.

Si kila kilichochorwa kinakubali. Mashimo ya ngoro ya Wamatengo kule Mbinga ni miongoni mwa michoro mizuri ya mkulima ninayoijua, lakini jua la wima linayajaza mpaka chini na mteremko unabaki kama kitambaa kisichopigwa pasi. Yale yangoje jua la ubavu. Nasema hivi ili usije ukanishika maneno.

Migomba, ingia chini yake. Najua unaingia kila siku kukagua mnyauko, safari hii tazama juu. Jani la mgomba likiwa kati yako na jua linakuwa taa: unaona uti wa katikati mnene, mishipa midogo ikitoka kwa safu, mipasuko ya upepo iliyoacha vipande kama vitana, na pale majani mawili yanapolaliana kijani kinakuwa kizito maradufu. Hakuna saa nyingine inayokupa hivyo. Picha moja kati ya sita ninaiona hapo.

Kuanzia Novemba mvua zikianza, mchana una mgeni mwingine, mawingu ya mafungu mafungu yanayoinuka kuanzia saa tano. Vivuli vyake vinatembea juu ya milima. Hapa kazi yote ni kusubiri. Panga fremu yako, shamba mbele na kilima nyuma, kisha usipige. Tazama kivuli kinakuja kutoka wapi. Kikifika juu ya kilima na shamba likabaki na jua, kilima kinakuwa buluu nzito na chai inawaka mbele yake. Hapo una kina kile ulichokuwa unakitafuta, na una sekunde 20, pengine dakika. Kikihamia mbele, subiri kingine. Nimewahi kukaa juu ya jiwe saa nzima na robo pale karibu na Isongole kwa picha mbili. Moja ilikuwa na kidole changu.

Kuhusu lami chini ya miti. Palipo na jua mwanga unazidi ule wa kivulini mara 8 hadi 16, na chini ya mparachichi mzito unazidi hapo. Jicho lako linajirekebisha likihamia kivulini, wala huna habari. Kamera inapima mara moja tu. Na kadiri unavyopanda ndivyo hali inavyokuwa kali: hewa iliyo juu yako ni chache, anga ni la buluu iliyokolea, linarudisha mwanga kidogo kwenye vivuli. Kivuli cha Kitulo, mita 2,600 hivi, ni cheusi kuliko cha Matema kwenye mita 500.

Ushauri wangu ni kuchagua upande. Linda sehemu angavu na ukubali kivuli kiwe kivuli. Kwenye simu gusa sehemu yenye mwanga mkali zaidi, kisha kile kijua kidogo kinachotokea pembeni kivute chini mpaka anga lirudishe rangi. Kwenye kamera anza na ISO 100 (wepesi wa kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lensi) na 1/400 (sehemu ya sekunde ambayo shata inafunguka), upige katika RAW, yaani faili ghafi, kama inaruhusu, maana kivuli unaweza kukiinua baadaye lakini weupe uliokwisha kuungua hauna kitu ndani yake cha kurudisha. Bati likimetameta nukta moja, liache limetemete. Kisha kitumie kivuli kama kitu: kivuli cha mti chenye ukingo mkali juu ya udongo mwekundu ni umbo, kina uzito kama jiwe, kipange kama ambavyo ungepanga jiwe. Na skrini usiiamini ukiwa juani. Inaonekana ya giza, unaongeza mwanga, na hapo ndipo kidole chako kinapolifanya anga shuka. Jifunike kanga kichwani na kamera, kama mtu anayejifukiza, ndipo uhukumu.

Maua nayo yana ujanja wake. Kitulo msimu wa maua niliwahi kupoteza mchana mzima nikipiga uwanda mpana. Nyumbani nikakuta majani yenye vidoa. Picha iliyofaa ni ile niliyopiga magoti, mwili wangu ukatia kivuli kwenye okidi moja na uwanda wa nyuma ukabaki na jua. Mwavuli mweupe unafanya vizuri kuliko tumbo langu. Ila piga magoti kwa uangalifu, hifadhi ile ina aina zaidi ya 40 za okidi na nyingine ni ndogo kama kucha. Tena picha zako ni za kuuza, kwa hiyo kabla ya kupiga hifadhini waulize wahusika wa TANAPA kuhusu kibali.

Mlima Rungwe sasa, na hapa sitakufariji. Kati yako na mlima wa mita 2,960 kuna kilomita za hewa, na Septemba na Oktoba hewa hiyo ina vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Kamera inaipiga hewa hiyo yote kabla haijaufikia mlima. Filta inapunguza utando mwepesi, moshi haiwezi. Mchana unaweza kuujaribu baada ya mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa, na uweke kitu kizito mbele ili mlima uwe umbo la nyuma tu. Lakini kama mwenye nyumba anataka mlima wenyewe, mabonde yake yote yakionekana, mpiga picha wa harusi alikuwa sahihi kwa picha hiyo moja. Omba Jumamosi moja nyumbani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe barabarani, saa mbili umesharudi watoto hawajamaliza uji.

Kuna jambo moja la kukagua kwenye kamera yako, nililizuia makusudi mpaka sasa. Piga picha ya kitu kilicho mita mbili kutoka kwako, kivulini. Kama nayo ina utando mweupe, hewa haihusiki. Huenda lensi imeota ukungu wa kuvu ndani, ugonjwa wa kawaida kwa lensi za mtumba zilizokaa kwenye unyevu, na Tukuyu unyevu hauombwi. Toa lensi, ipitishe mwanga wa tochi upande mmoja na utazame upande wa pili: ukiona nyuzi kama utando wa buibui au madoa ya maziwa, usiifungue, usiifute kwa chochote. Mpelekee fundi wa kamera aiangalie kwa macho, hata ikibidi Mbeya mjini, na umwulize gharama kabla hajashika bisibisi. Lensi ya namna hiyo ya mtumba wakati mwingine ni nafuu kuliko kuisafisha. Nyuzi zisipoonekana, basi futa kioo cha mbele kwa kitambaa laini na uzoee kukikinga kwa kofia, kwa sababu jua la juu likikigusa tu linamwaga weupe kwenye picha nzima. Kwenye kitundu cha kuchungulia cha kamera usilielekee jua kabisa. Jicho halina fundi.

Picha zikipatikana, kwenye kuchapa nenda mwenyewe. Mimi niliwahi kutuma faili kwenye duka moja na kurudishiwa picha ambayo vivuli vyake vyote vilikuwa masizi, nao walikuwa wamechapa tano tayari. Mwambie akuchapie kipande kidogo kwanza, cha ukubwa wa daftari, chenye kivuli kizito na anga pamoja. Kipeleke nyumba ya wageni, ukibandike kwenye ukuta ule ule, ukitazame mchana, halafu urudi kukitazama usiku taa ikiwa imewashwa. Vivuli vikizama, ongeza mwanga kidogo kwenye faili ndipo uagize sita.